Njoo Kesho

Fomu iliuliza: mlikutana vipi?
Ikaacha mistari mitatu.

Wa kwanza nikataja Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
kibanda changu cha baiskeli, mwezi wa Shaabani.
Wa pili: tairi la nyuma, msumari.
Wa tatu haukutosha kusema
kwamba Mwanakheri alikataa benchi,
akanisimamia kichwani na sare yake ya uuguzi, ametoka zamu Bombo,
akanionyesha tundu la pili
ambalo mimi, fundi, sikuliona.

Sasa anageuza wazee vitandani
kwenye mji ambao jua lake huchelewa kazini,
na mimi nina namba ya faili
ndefu kuliko namba ya fremu yoyote niliyowahi kuisoma kwa kucha.

Wanataka ushahidi kwamba tunapendana.
Nikaenda stesheneri, nikachapisha ujumbe wetu wa miezi kumi na minne,
kurasa mia mbili na sita, shilingi mia mbili mbili.
Kijana wa mashine alisoma akijifanya hasomi.
Ukurasa wa arobaini alikohoa.
Ukurasa wa tisini, pale tulipogombana juu ya pesa za dawa za mama,
akazima feni karatasi zisipeperuke,
akaniletea kiti.

Wanataka alama za vidole.
Mashine kule Dar ikanikataa mara nne.
Tupa na grisi vimenilamba vidole miaka kumi na tisa,
vimebaki laini kama kipande cha sabuni mwisho wa mwezi.
Kapumzishe mikono wiki mbili, akasema yule dada, upake mafuta.
Nipumzishe mikono nile nini?
Nikapaka mafuta ya nazi, nikalala na soksi mikononi.
Mama akauliza nani kaniroga.

Kipimo cha kifua kikaisha muda faili halijafunguliwa.
Nikapima tena.
Kifua kile kile.

Mtaani wana lao: mwanamume gani huyu
anayengoja kutolewa na mke, kama mwali?
Nacheka nao. Kisha saa tisa usiku nafungua simu chini ya shuka.
Hali: inashughulikiwa.
Nafunga. Nafungua.
Huenda wameshughulika hapo katikati.

Mwanakheri ndiye aliyeleta sheria ya Jumatano.
Jumatano faili halitajwi.
Jumatano ya kwanza tulitazamana mpaka bando likakaribia kukata,
kama watu waliosahau walikuwa wakizungumza nini kabla.
Ya pili akanipa habari za bibi mmoja
anayeficha vijiko chini ya mto.
Ya tatu nikamwambia machungwa ya Muheza yameingia,
nikalimenya moja mbele ya kamera, taratibu,
ganda lisikatike, mpaka likaning'inia zima.
Akalia.
Hatukuvunja sheria.

Na mimi nimejiwekea yangu.
Zamani mteja akiuliza lini, nilijibu kama mafundi wote: njoo kesho.
Kesho nayo ina kesho yake, nani asiyejua.
Siku hizi nimetundika ubavu wa boksi, naandika kwa kalamu ya wino mzito:
Foniksi ya Bwana Hoza, leo baada ya Alasiri.
Ya binti wa maziwa, Alhamisi saa nne, breki bado.
Nikishindwa namtuma mtoto akaseme,
na aseme kwa nini.
Wenzangu wa kibanda cha pili wanasema nimepatwa,
fundi gani anajifunga mwenyewe kamba.

Jana Bwana Hoza alifika mapema.
Akasoma boksi, akatazama saa yake,
akavua viatu,
akajinyoosha kwenye lile benchi alilolikataa Mwanakheri,
na kabla sijakaza nati ya pili
alikuwa anakoroma, mdomo wazi.
Nikapunguza kelele za nyundo.